Una saa chache tu Dar kabla ya safari: ulitembea wapi kwa miguu? Tupeane uzoefu

Mpitanjia (mleta mada)
Wakuu, salaam. Dar nimepita zaidi ya mara kumi lakini nilikuwa siijui. Kila safari ni stendi hadi bandarini, nakaa juu ya begi mpaka boti ya Unguja ianze kupakia. Juzi nimeshuka treni ya SGR kutoka Morogoro saa tatu asubuhi, na boti yangu ni ya alasiri. Begi nikaliacha dukani kwa shemeji, Mtaa wa Jamhuri, nikasema leo natembea.

Nikatokea Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Siku zote nimeiona kwa dirisha la daladala. Safari hii nimeizunguka pande zote. Ilizinduliwa 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoutwaa mji 1916 wakaiondoa. Maandishi ya hii ya Askari yapo hata kwa Kiswahili, na yanawataja wapagazi. Muuza maji mmoja akaja kusimama pembeni yangu. Amefanya biashara pale miaka sita, hakuwahi kuyasoma. Tukayasoma pamoja, taratibu, neno kwa neno.

Nikashuka na Azikiwe hadi Posta ya Zamani, nikapita kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, nikamalizia Boma la Kale. Hilo Boma wengi tunalipita tu. Ni la enzi za Sultani Majid bin Said, 1866 hadi 1867, kuta za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi wa Kizanzibari. Kutoka pale hadi geti la boti ni hatua chache. Saa nne zilinitosha, na nafasi ya kula nikapata.

Haya, nanyi mwageni yenu.

BintiPangani
Mimi nasema Feri, soko la samaki, alfajiri. Nilikuwa na usaili saa tano, basi limetufikisha mapema mno, nyumba ya wageni niliyoiwekea nafasi wakakataa kunipokea kabla ya mchana. Nikapanda mwendokasi hadi Kivukoni, mwisho wa njia. Saa kumi na mbili na nusu mnada wa samaki umepamba moto: changu, kibua, ngisi, pweza wamepangwa sakafuni, dalali anataja bei kwa kasi ambayo mgeni haishiki. Mimi ni mtoto wa pwani, samaki nimewaona tangu nazaliwa, lakini wingi ule sijauona kwetu.

Halafu fanyeni hivi: pandeni pantoni kama abiria wa miguu, mvuke Kigamboni, mrudi nayo. Ni dakika chache tu majini, lakini mji mzima unakukalia mbele, minara ya makanisa chini, maghorofa nyuma yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Majid aliipenda bandari hii. Lango lake ni jembamba, ndani maji yametulia.

Vaeni viatu vya kufunika. Sakafu ya Feri ni maji na magamba.

Kaka Mkubwa
Naongezea moja kwa dada hapo juu. Ukitoka Feri kufuata bahari kuelekea Barabara ya Barack Obama unapita ubavuni mwa Ikulu. Simu mfukoni, usipige picha hata ya ua. Mbele kidogo upepo wa bahari ni mzuri sana.

MamaJunia
Nilikuwa na mwanangu wa miaka tisa, tumemaliza kliniki saa nne, gari la nyumbani ni saa tisa. Kwa mtoto nashauri Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kutoka Askari unanyoosha na Samora, kivuli kipo. Alisimama mbele ya habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Oldupai mwaka 1959, akaniuliza, "Mama, huyu naye alikuwa na mama?" Nikamwambia alikuwa naye. Tulikaa hapo muda mrefu.

Uani kuna ukumbusho wa waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani, 1998. Jiandaeni kuulizwa maswali. Jirani yake ipo Bustani ya Mimea, tulilia maandazi yetu huko.

Mzee wa Gerezani
Wanangu, mmeishia mjini tu. Mimi ningewaambia muanzie hapo hapo Askari, mwende kinyume.

Fuata Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa Dar ilipopewa hadhi ya jiji, 1961. Vuka Mnazi Mmoja, pumzika kidogo kwenye Mnara wa Mwenge, kisha ingia Mtaa wa Uhuru. Ni maduka ya kanga na vitenge pande zote. Simama usome majina ya kanga, hakuna anayekudai. Endelea hadi Kariakoo.

Sasa unganisha. Kijana amesema sanamu inawataja wapagazi. Hao ndio Carrier Corps, waliobebeshwa mizigo ya vita vya watu wengine, na wengi hawakurudi kwao. Walipopiga kambi ndipo palipoitwa Kariakoo. Ni jina lao lilivyotamkwa na vinywa vyetu. Kwa hiyo unapotembea kutoka kwenye sanamu hadi sokoni, unatoka kwenye kumbukumbu yao ya shaba unakwenda kwenye jina lao. Nimeitembea njia hiyo miaka mingi, na mpaka leo nikifika Kariakoo nikamwona mpagazi ana gunia kichwani, nasita.

Soko lenyewe alilichora Beda Amuli, mwenzetu, likafunguliwa 1975. Inua macho uone miavuli ya zege juu ya paa, ilibuniwa kukusanya maji ya mvua. Julai 2021 liliungua, sitaisahau siku ile.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Kariakoo nimenunua vitenge miaka yote bila kujua hilo.

Mzee wa Gerezani
Marahaba binti. Ukienda, nenda kabla ya saa nne, jua halijawa kali na njia bado zinapitika. Simu usiishike mkononi ukiwa kando ya barabara. Mwanangu aliporwa na mtu wa pikipiki akiwa anatafuta njia kwenye ramani. Uliza watu. Muuza kahawa mwenye birika anaijua kila kona, na ukinywa kikombe chake na kashata atakuelekeza hadi mlangoni.

Mpitanjia
Marahaba ya mwenzangu na mimi naiomba, mzee, shikamoo. Narudi kutoka Unguja Jumapili, boti ya asubuhi, treni ni jioni. Jumapili Mtaa wa Uhuru wanafungua?

Mzee wa Gerezani
Marahaba. Baadhi hufunga, ila kwa kutembea ndiyo siku nzuri, mitaa ya mjini imepoa. Anzia Askari.