Naomba ushauri: boti yangu ya karatasi inaonyesha mbavu

Fundi_Manila
Wakuu, habari za jioni. Naunda Schnellboot aina ya S-100, ile boti ya kurusha torpedo (makombora ya chini ya maji) ya Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa karatasi tupu. Kipimo ni 1:100; boti yenyewe ilikuwa karibu mita 35, kwa hiyo yangu ina sentimita 35. Mkuku (uti wa mgongo wa boti) na mataruma (mbavu zake) nimekata kwa kadi ngumu ya milimita 1, vimesimama vizuri. Balaa limeanza kwenye kuvisha ganda. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao, nikabana, nikalala. Asubuhi nakuta karatasi imebonyea kati ya taruma na taruma, boti imekuwa ng'ombe wa kiangazi. Nimeshabandua mara mbili. Niko Dar, chumba hakina kiyoyozi.

La pili: bomba mbili za kurushia torpedo nazisokota kwa karatasi kwenye biti ya drili ya milimita 6, nikiachia tu zinafunguka.

Bi_Wembe
Pole kaka. Gundi imezidi. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inajivuta, na joto letu hili la pwani ndiyo usiseme. Paka ukingo wa taruma peke yake, kwa kijiti cha meno. Na kabla ya kukata chochote, pulizia vanishi pande zote mbili uache ikauke, karatasi isinywe unyevu. Umechapisha kwenye manila ya gramu ngapi?

Fundi_Manila
160, dada.

Bi_Wembe
Hiyo inafaa.

Baharia_Mstaafu
Kijana, gundi ni nusu ya kosa. Nusu nyingine ni umbo. Boti za torpedo za Waingereza na Wamarekani zilikuwa na kona kali ubavuni na ziliteleza juu ya maji. Kiwanda cha Lürssen kiliipa Schnellboot tumbo la mviringo ili ihimili mawimbi ya Bahari ya Kaskazini, na bado kwa injini tatu za dizeli ilipita kasi ya noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa. Sasa karatasi hukunjika upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiilazimisha pande mbili, inakunjamana.

Ivishe magamba mawili. La kwanza ni vipande vyembamba vya boksi la unga, kimoja kwa kila nafasi kati ya mataruma, vikutane ukingo kwa ukingo bila kupandana. Piga msasa laini mpaka kidole kisihisi mshono. Ndipo uvishe ganda la rangi, nalo kwa vipande, ukianzia katikati kwenda gubeti (mbele) na shetri (nyuma).

Kona_Kali
Au ukate boti kwenye mstari wa maji, tumbo ulisahau. Huku Ujerumani, ninakoishi, modeli nyingi za karatasi za meli huishia hapo, kwa kawaida 1:250.

Baharia_Mstaafu
Huo ni uvivu wenye pasipoti.

Kona_Kali
😂 Sawa mzee. Lakini kwenye bomba nisikilizeni. Mkuu, unajisumbua bure. Kwenye S-100 bomba zimefunikwa na sitaha ya mbele iliyoinuliwa. Kinachoonekana ni midomo miwili gubetini. Sokota vipande vifupi, na kabla ya kusokota ivute karatasi kwenye ukingo wa meza ijikunje yenyewe. Torpedo ilikuwa na kipenyo cha milimita 533, kwa hiyo biti yako iko sawa. Nguvu zako ziweke kwenye ile kofia ya chuma ya chumba cha usukani, Kalotte. Ikate kama petali za ua, uzifunge juu ya goroli.

Halafu angalia picha unazofuata. Iliyobaki hai ni S-130 peke yake, iko Uingereza, ila baada ya vita ilibadilishwa sana. Sitaha yake ya baada ya vita itakudanganya.

Fundi_Manila
Mrejesho baada ya wiki mbili. Magamba mawili yamefanya kazi! Boksi la unga wa sembe limetosha, mbavu hazionekani, na Kalotte imekaa jaribio la nne. Ila gubeti limepinda kulia kidogo, kama milimita 2. Nibandue?

Bi_Wembe
Usithubutu. Upande huo uelekeze ukutani.