Mjadala: Kelele za lori zinatoka mbele, kwa nini tunapima nyuma?

Wadau, msimamo wangu nautoa mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini. Lori au pikapu iliyobadilishwa mfumo wa kuvuta hewa ipimwe kelele mbele pia, si kwenye ekzosi peke yake. Hoja inayorudiwa na wenye magari haya ni hii: "Ekzosi yangu ni ya kiwandani, sailensa ipo, mnanidai nini?"

Tufungue boneti. Gari ambalo halijaguswa lina boksi la plastiki lenye chujio la karatasi, na bomba linaloleta hewa ya baridi kutoka nje. Kwenye bomba hilo mara nyingi kimebandikwa kichumba chenye mdomo mmoja, hakina pa kutokea. Hewa haipiti humo kwenda popote, ndiyo maana watu hukiona cha bure na kuking'oa kabla ya kingine chochote. Kumbe kazi yake ni sauti. Kila valvu ya kuingiza hewa inapofunguka na kufunga, mawimbi ya mgandamizo hurudi kinyumenyume hadi mdomo wa bomba. Kichumba kile huitikia kama chupa tupu unapoipuliza mdomoni, na ukubwa wake umepangwa ili mwitikio huo uuzime mngurumo wa injini. Kiondoe, weka bomba tupu na chujio la umbo la koni lililo wazi, mngurumo wote unabaki huru. Kwenye dizeli yenye turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) unaongezeka mluzi mkali kila dereva anapokanyaga mafuta.

Sasa njoo kwenye kipimo. Kanuni namba 51 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika nchi nyingi, ina jaribio la gari likipita, maikrofoni zikiwa mita 7.5 kutoka mstari wa katikati ya njia. Hilo linanasa kelele za gari zima, lakini linahitaji uwanja maalumu, haliwezi kufanyika barabarani. Jaribio la gari likiwa limesimama, ambalo ni rahisi kwa mkaguzi, huweka maikrofoni nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi. Mtu mwenye koni wazi chini ya boneti anaweza kufaulu hapo bila jasho. Mwenye ekzosi iliyotobolewa anakamatwa, huyu anaaga na kuondoka akinguruma. Haki iko wapi?

Mtasema mnabadilisha kwa ajili ya nguvu na kuokoa mafuta. Injini ikipata hewa kwa wepesi inaweza kuongeza nguvu kidogo, sikatai. Lakini koni isiyofunikwa hunyonya hewa ya moto ya ndani ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi, hivyo oksijeni inayoingia inapungua. Vyujio vya pamba vinavyopakwa mafuta navyo, vikizidishiwa, huchafua sensa ya kupima hewa. Anayetaka nguvu kweli anaweza kufunga chujio pana ndani ya boksi lililofunikwa, akakiacha kichumba mahali pake. Tuseme ukweli: wengi wananunua ule mlio.

Na mlio huo una wa kuusikiliza asiyeuomba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa kanda ya Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Desibeli zikiongezeka 10, sikio huhisi kelele takribani mara mbili. Tena mngurumo mzito hupenya ukuta na dirisha kuliko sauti nyembamba. Mtoto mchanga aliyeamshwa saa nane usiku hajali kama umetoka kwenye ekzosi au kwenye chujio.

Sitaki vyujio vipigwe marufuku. Nataka boksi liwe la kufunikwa, kile kichumba cha kuzima mlio kibaki, na mkaguzi aruhusiwe kusogeza maikrofoni mbele. Mnaosema huo ni usumbufu kwa madereva, nionyesheni njia nyingine ya kumnasa anayefaulu nyuma na kupiga kelele mbele.