Baiskeli za umeme mjini: barabarani tunafukuzwa, njia ya baiskeli tunafukuzwa. Tupite wapi?

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo kama unatafuta uzi wa kistaarabu huu siyo wako.

Naomba mtu mmoja tu aniambie sisi tunaoendesha baiskeli za umeme tunahesabiwa kuwa nani. Nikiwa barabarani, mwenye gari ananipigia honi hadi masikio yanaziba: "Toa baiskeli yako hapa!" Nikihamia njia ya baiskeli, mwenye baiskeli ya kawaida ananifokea: "Peleka pikipiki yako barabarani!" Nikishuka na kuikokota pembeni, mtembea kwa miguu ananikata jicho. Kila mtu ananipanga kundi linalomfaa yeye kwa wakati huo, na kundi lolote nitakalopangwa, jibu ni ondoka.

Haya, tuongee vitu vinavyopimika. Baiskeli yangu ina mota ya wati 250. Nisipokanyaga, mota haifanyi kazi. Nikifika kilomita 25 kwa saa inaacha kusaidia, kuanzia hapo ni mapaja yangu tu. Hicho ndicho kipimo cha Umoja wa Ulaya, na kwa kipimo hicho kule inahesabiwa baiskeli, haidaiwi leseni wala namba. Marekani majimbo mengi yamezigawa makundi matatu: mawili ya kwanza msaada wa mota unakoma kwenye kilomita 32 hivi kwa saa, la tatu kwenye 45. Namba zinatofautiana, sawa, ila kote kuna mstari uliochorwa, na mimi niko upande wa ndani wa huo mstari.

Wanaotuharibia ni hawa wengine. Mnawajua. Tairi nene, mota ya wati 1,000 na kuendelea, aksileta ya mkononi, jamaa amekaa kama yuko kwenye kochi, kanyagio zimekuwa pambo. Anapita katikati ya watoto wa shule kwa kilomita 50 kwa saa. Ndugu zangu, ile ni pikipiki isiyo na namba, isiyo na bima, na mara nyingi isiyo na breki za kuhimili mwendo ule. Kasi ikipanda kutoka 25 hadi 50, nishati inayomfikia atakayegongwa haiongezeki mara mbili, inakuwa mara nne. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Ila akimvunja mtu mguu, kesho yake mjadala unakuwa "baiskeli za umeme zipigwe marufuku", na wa kwanza kusimamishwa na askari ni mimi ninayekanyaga, kwa sababu mimi nasimama. Yule anapotea uchochoroni.

Na msimwachie lawama zote huyo kijana. Kuna mtu kamuuzia. Nimewahi kusimama dukani muuzaji akimwelekeza mteja mbele yangu: "Bonyeza hivi viwili kwa pamoja kwenye skrini, kizuizi cha kasi kinatoka." Bila hata kushusha sauti! Kwenye boksi imeandikwa inakidhi sheria, mkononi mwa mteja inatoka haikidhi. Huyo hakuna anayemgusa. (Ni haohao wanaokuandikia "kilomita 100 kwa chaji moja". Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 13 ina wati-saa 468, ndiyo nishati yote iliyomo. Kwa mwendo wa mjini, simama, ondoka, simama, ukila wati-saa 12 kwa kilomita unapata kilomita 39. Hiyo mia wameipima wakiteremka mlima, nadhani.)

Tuje kwenye hiyo inayoitwa njia ya baiskeli. Ni rangi. Wamemwaga rangi chini wakapiga picha. Ukuta hamna, hata kijiti cha plastiki hamna, na gari la mizigo limeegeshwa juu yake likiwasha taa za dharura, kana kwamba taa hizo ni kibali. Ukilikwepa unaingia kwenye magari. Likiondoka, linabaki tatizo kubwa zaidi: njia imechorwa ikibanana na milango ya magari yaliyoegeshwa. Mwenye gari anatupa jicho kwenye kioo, anaona baiskeli, anajiambia huyo bado yuko mbali. Hajui kwamba nakuja kwa kasi kuliko baiskeli aliyoizoea na kwamba chombo changu kina kilo 25, siyo 12. Mlango unafunguka usoni mwangu. Dawa yake wala haina gharama: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao, kama Waholanzi wanavyosifika kufanya. Mwili unageuka wenyewe, macho yanaangalia nyuma. Sekunde moja. Lakini nikimwambia dereva hivyo ananijibu nivae helmeti. Nimevaa, mzee, nakuomba wewe uangalie.

Sasa jambo lililonifanya nifungue huu uzi. Jengo ninaloishi limebandika tangazo kwenye lifti: marufuku kuingiza baiskeli za umeme, marufuku kuchaji, marufuku kuacha betri ndani. Mara moja, bila kikao.

Kabla hamjanirukia: moto wa betri ni kitu cha kweli. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu. Seli moja kati ya zile zinazounda betri ikipata hitilafu inapasha joto jirani yake, jirani anapasha mwenzake, na kabla hujafika bafuni kuchukua ndoo chumba kimejaa moshi wenye sumu. Hakuna anayetaka hilo kwenye korido yake. Lakini angalieni New York walifanya nini: mwaka huohuo walizuia kuuza baiskeli na betri ambazo hazijathibitishwa kwa viwango vya usalama. Walimbana muuzaji. Wanajua mzizi uko kwenye betri za kuungaunga, chaja isiyo yake, na ile tabia ya kuchaji usiku kucha mlangoni, mahali pekee pa kukimbilia. Jengo letu halikuuliza betri ya nani imethibitishwa na ya nani imechomelewa gereji. Limetufagia wote.

Nikauliza uongozi, basi wekeni sehemu ya kuchajia nje, hata kibanda cha bati mbali na ukuta. Jibu: "Hatuhudumii vyombo vya moto." Vyombo vya moto! Nikauliza basi niruhusiwe kuegesha kwenye nafasi za magari. Jibu: "Hapo si pa baiskeli." Nimecheka kwa uchungu. Kumbe hata ndani ya ofisi moja, meza moja, naweza kuwa pikipiki na baiskeli ndani ya dakika hiyohiyo. Niiache nje basi? Wezi wenye grainda watanishukuru. Utrecht, mji wa Uholanzi, wamejenga maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya kituo cha treni, sisi tunanyimwa kona ya kibanda.

Wanaoumia zaidi ni vijana wanaosambaza chakula. Chaji moja haiwatoshi siku nzima, programu inawahesabia dakika, betri ya pili yenye ubora ni ghali, wananunua ya bei ya chini, halafu ikilipuka tunasema "hawa watu hawana akili". Mwenye programu katulia ofisini.

Na wewe unayekuja kuandika "nunua gari", andika tu, ila ukae ukijua mimi mmoja nikinunua gari nakuja kukaa mbele yako kwenye foleni.

Nimeitwa Jumatatu na uongozi wa jengo "kujadili". Aliyewahi kushinda kesi kama hii, au aliyefanikiwa kuwashawishi wajenge sehemu ya kuchajia nje, naomba aeleze hapa alianza na hoja gani na alipeleka karatasi zipi. Ya betri yangu ninayo.