Mafundi wa kamera Dodoma, mnatuuzia idadi ya kamera wakati sura ya mwizi haionekani!

Wakuu,

Huu ubabaishaji umezidi na lazima usemwe hadharani. Kuanzia Ilazo, Kisasa na Iyumbu hadi Nzuguni na kule Mtumba nyumba mpya zinaota kila kukicha, na kila geti linafungwa kamera. Likitokea la kutokea, ukaomba kuona video ya saa nane usiku, unaoneshwa kivuli cheupe kinapita kikapotea. Mwenye nyumba kalipa, fundi hapokei simu, na polisi wanaletewa video ambayo hata mama mzazi wa mwizi asingemtambua mwanawe.

Uozo unaanzia dukani. Mteja anaulizwa swali moja tu: "Unataka kamera ngapi, nne au nane?" Hakuna anayemuuliza anataka kuona nini, kwa umbali gani, na kama ni mchana au usiku. Anafungiwa boksi lililotoka Kariakoo na kuambiwa ni "full HD".

Haya, tufanye hesabu ambayo mafundi hawataki mfanye. Kiwango cha EN 62676-4 (mwongozo wa Ulaya wa kamera za ulinzi), toleo la 2015, kilitaka pikseli 250, yaani nukta za picha, kwa kila mita ya upana wa eneo ili utambue sura ya mtu usiyemjua. Kwa mtu unayemfahamu zinatosha 125. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawa kwa 250, unapata mita 7.68. Yaani picha yote ikifunika upana unaozidi hapo, sura haitoki vizuri.

Sasa lenzi. Karibu kila seti ya bei nafuu inakuja na lenzi ya mm 2.8, inayofungua pembe ya zaidi kidogo ya digrii 100. Kwa pembe hiyo, upana wa mita 7.68 unafikiwa mtu akiwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Fundi anaifunga ukutani kwa nyumba, geti liko mita 12 mbele, na hapo getini unabaki na pikseli kama 60 kwa mita. Utajua kuna mtu na kavaa nguo ya rangi gani. Basi. Na hiyo ni hesabu ya mchana. Usiku hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kamera inarefusha muda wa kupokea mwanga na mtu anayetembea anaacha mkia.

Dawa yake inajulikana. Lenzi ya mm 2.8 ni ya kuangalia uwanja mzima, veranda au chumba. Kwa mlango ulio mita 4 weka mm 4. Mita 7 hivi, mm 6. Geti la mita 12 linataka lenzi ya kuvuta, ya mm 2.8 hadi 12, ivutwe mpaka geti lijae kwenye picha. Kamera mbili zilizochaguliwa hivi zitakusaidia kuliko nane za mm 2.8 zinazoangalia mawingu na bati la jirani. Na acheni kuzipandisha mita 4 chini ya paa, mnapiga picha za kofia! Mita 2.5 hadi 3 inatosha, na kwenye mlango mdogo wa geti shusha kamera moja hadi mita 2.2 ili ikutane na uso.

Kuna uchakachuaji mwingine kwenye DVR yenyewe, ile rekoda inayohifadhi video. Someni boksi. Ikiandikwa 1080N, ujue inarekodi pikseli 960 kwa 1080, si 1920 kwa 1080. Umenunua kamera ya megapikseli 2, rekoda inatupa nusu ya upana, halafu picha inatandazwa ijae kwenye skrini. Ndiyo maana kwenye TV watu wanaonekana na ukungu hata mchana kweupe. Rekoda za 5MP Lite nazo mchezo ni huohuo. Muulize muuzaji aingie kwenye menyu ya kurekodi akuoneshe saizi kamili na fremu kwa sekunde kwa kila chaneli. Akikataa, toka dukani.

Sasa waya. Hapa ndipo mteja anapoibiwa zaidi, kwa sababu ukishapita darini hakuna anayeuona.

Waya mwingi unaofungwa mjini hapa ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukwangue kwa wembe: ukitokea mweupe ndani, ni alumini. Shaba halisi ni nyekundu hadi katikati na roli lake lina uzito mkononi. Upinzani wa alumini hiyo unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na inakatika ukiikunja mara chache kwenye konekta. Fundi anachukua waya wa mtandao wa Cat5e, anapitisha volti 12 kwenye jozi moja nyembamba kwa mita 40 hadi getini. Hata ukiwa wa shaba, mita 40 kwenda na 40 kurudi ni karibu omu 6.7. Kamera ikivuta ampea 0.5 unapoteza volti 3.4, inabaki na 8.6. Ukiwa wa alumini unapoteza zaidi ya volti 5.

Mchana huoni tatizo, kwa sababu kamera inakula kidogo. Jua likizama taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, wa kuonea gizani) zinawaka, mkondo unapanda, volti inadondoka, kamera inajizima, inawaka, inajizima tena. Fundi anakuja mchana, anaiona inafanya kazi, anasema "ni umeme wa TANESCO" na anakuuzia adapta nyingine. Adapta haina kosa! Kwa mfumo wa DVR tumia RG59 (waya wa picha unaofanana na wa antena) ya shaba tupu, pamoja na waya mnene wa umeme, au unganisha jozi tatu za Cat5e pamoja kwa ajili ya umeme. Kwa masafa marefu nenda kwenye kamera za IP (za mtandao) zenye PoE, yaani picha na umeme vinapita kwenye waya mmoja wa mtandao: umeme unasafiri kwa volti karibu 48, mkondo ni mdogo, na waya mmoja wa shaba unafika mita 100 bila shida.

Konekta za nje zinaachwa zinaning'inia hewani, au zimefungwa selotepu. Kamera yenyewe ni IP67, yaani haipitishi vumbi wala maji, lakini kile kichwa cha waya nyuma yake hakina kinga yoyote. Mvua za Desemba zikianza maji yanaingia, kutu ya kijani inaota, picha inaanza mistari. Boksi dogo la plastiki nyuma ya kamera lina bei gani jamani? Na waya unaotembea juu ya fensi kutoka getini hadi ndani unakaribisha radi. Weka kikinga radi kwenye upande wa rekoda na ukiunganishe na fimbo ya ethi iliyozikwa kweli ardhini, maana kikinga kisicho na ethi hakina kazi.

Mazingira yetu nayo yanapuuzwa. Dodoma iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linachomoza na kuzama karibu na mashariki na magharibi kamili. Kamera inayotazama magharibi inapigwa na jua usoni kuanzia saa kumi na moja jioni, na kila anayeingia anakuwa kivuli cheusi. Igeuze ielekee kaskazini au kusini, au nunua yenye WDR halisi ya dB 120, yaani inayosawazisha mwanga mkali na kivuli kwenye picha moja. Ile inayoandikwa DWDR ni marekebisho ya programu tu. Halafu vumbi: kiangazi upepo wetu unapaka vumbi jekundu kwenye kioo cha zile kamera za kuba, na usiku mwanga wa infraredi unagonga vumbi hilo na kurudi kwenye lenzi. Picha nzima inakuwa maziwa. Nje funga kamera ambazo taa na lenzi havikai nyuma ya kioo kimoja cha kuba. Ukifuta, tumia kitambaa laini chenye maji. Kufuta vumbi kavu kunakwaruza kioo. Toa na utando wa buibui.

Diski: mnawekewa hadi diski kuukuu za kompyuta za mezani na kuambiwa ni mpya. Rekoda inaandika saa 24 bila kupumzika, kwa hiyo inataka diski iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mfano WD Purple au Seagate SkyHawk. Ukubwa nao si wa kukisia. Kamera 4 zikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja zinakula GB 172.8 kwa siku. Diski ya TB 1 haifiki siku 6. Mmesafiri likizo wiki mbili, mmerudi mmekuta mlango umevunjwa, na video ya siku ile imeshafutwa. Ukitumia H.265 (njia ya kubana video) kwa megabiti 2, TB 1 inakupa kama siku 11. Mwezi mzima unataka TB 3 au 4.

Kamera isiyo na umeme wa akiba haizuii kitu kwenye nyumba ambayo mtu anaweza kuzima swichi kuu kutoka nje. Rekoda, kamera 4 na ruta ni kama wati 45. UPS ndogo yenye betri ya Ah 7 itakupa kama saa moja ikiwa mpya. Betri ya risasi ya 12V 75Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakuvusha saa sita na zaidi. Na rekoda msiiweke chini ya TV sebuleni, ndicho kitu cha kwanza kubebwa. Ifungiwe kabatini, kabati liwe na matundu ya hewa.

Linalonikera kuliko yote: fundi anafungua akaunti ya programu kwa namba yake, yeye ndiye mmiliki, wewe unashirikishwa kama mgeni. Neno la siri ni lilelile kwa wateja wake wote. Maana yake anaiona sebule yako, mkeo na watoto wako, wakati wowote. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi sana duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani tu. Simamia mwenyewe: akaunti iwe ya namba yako, badili neno la siri la admin, futa watumiaji wengine, zima UPnP kwenye ruta, maana inaruhusu vifaa kujifungulia njia ya kwenda intaneti bila kukuuliza. Na kamera isichungulie uani kwa jirani. Menyu ina sehemu ya kufunika eneo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023.

NYONGEZA, kwa mnaouliza kuhusu za Wi-Fi na za laini zenye sola: kamera ya taa inayochomekwa kwenye holda inakufa mtu akizima swichi, na kadi ya kumbukumbu ikiwa ndani ya kamera, mwizi akiing'oa kaondoka na ushahidi. Ya laini inafaa shambani au kwenye kiwanja kinachojengwa, ila kutazama moja kwa moja kwa megabiti 1 kunakula MB 450 kwa saa, kwa hiyo pangeni bando.

Na kagueni saa ya rekoda leo. Nyingi zinakuja na GMT+8 ya China na fundi haigusi. Tukio la saa nane usiku linaandikwa saa moja asubuhi, na wakili wa utetezi ataanzia hapohapo. Weka GMT+3. Chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama inaangalia jinsi taarifa ilivyotunzwa, kwa hiyo toa faili halisi kwenye flashi kupitia menyu ya rekoda, usirekodi skrini kwa simu. Fanya hivyo kabla diski haijazunguka na kuandika juu yake.