Kisu cha kukunja na hewa ya chumvi

Swali (Langoni, Lamu): Ndugu zangu, nimerithi kwa marehemu babu kisu cha kukunja aina ya Opinel, ambacho nakitumia kila siku kumenyea maembe na kukatia kamba za dau. Kusi ikivuma, bapa linaota kutu na mpini unavimba hata hakikunjuki. Je, nikitundike ukutani pamoja na jambia lake?

Jibu (Shela): Usikitundike, mwanangu. Visu hivyo, vinavyotengenezwa Savoie, Ufaransa, tangu 1890, vina mpini wa mti unaovimba ukinywa maji. Kwa hiyo usikitumbukize majini, bali kifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, ukiache wazi kikauke, kisha upake tone la mafuta ya nazi. Weusi unaobaki baada ya kukata ndimu si kutu, usiusugue. Kutu ni ile nyekundu inayochafua kidole.

Jibu (Malindi): Nakubaliana na mzee, ila mafuta ya nazi yakikaa hunata kwenye kiungo, basi yafute. Tena zungusha ile pete ya kufungia bapa, iliyobuniwa 1955, kabla ya kukata kamba. Mimi niliipuuza siku moja, bapa likanikunjikia kidoleni.