Tupeane uzoefu: mimea ya majani manene iliyotufia na iliyopona

Mleta mada
Wadau, salaam. Wiki hii nimetupa mmea wa tatu. Ni echeveria, ile midogo ambayo majani yake manene yamejipanga kama waridi. Kila mtu aliniambia hii haina kazi, hata ukiisahau inaishi. Mimi sikuisahau hata siku moja: kila Jumamosi kikombe kimoja cha maji, kama dozi. Wa kwanza majani ya chini yalikuwa kama yamechemshwa, ukigusa tu yanadondoka. Wa pili uliinama wenyewe, shina limekuwa jeusi. Leteni visa vyenu, hasa vya kuharibu. Ushauri wa juu juu ninao wa kutosha.

Shubiri Moja
Pole sana, mkuu. Wangu ulikuwa mshubiri. Majani yakaanza kukunjamana, nikasema una kiu, nikamwagilia. Yakazidi kukunjamana, nikazidi kumwagilia. Wiki ya tatu nikaung'oa: mizizi ya kahawia, ukiivuta inachunika kama uzi uliolowa, miwili tu ndiyo ilikuwa myeupe. Mmea ulikuwa unakufa kiu huku umesimama kwenye maji, maana mizizi ya kuyanyonya ilishaoza.

Nilikata vyote vilivyooza mpaka nikafika kwenye nyama safi, nikauacha kivulini siku 5 bila udongo hadi kidonda kikakauka, ndipo nikaupanda kwenye udongo mkavu. Baada ya mwezi nikauvuta kidogo, ukagoma. Umeshika!

Tangu hapo sina ratiba ya maji. Nachomeka kijiti mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo umekiganda, naondoka zangu. Jani limesinyaa na udongo ni mkavu: hiyo ni kiu. Jani limesinyaa na udongo ni mbichi: ng'oa uangalie mizizi, usingoje kesho. Mimea hii hufungua vitundu vidogo vya hewa vya majani yake usiku, mchana wa joto inavifunga, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Kikombe chako cha Jumamosi kilikuwa kinakuta cha Jumamosi iliyopita bado kipo.

Fundi Chungu
Mimi niliua kwa kokoto. Chungu kizuri cha kauri, hakina tundu, nikapanga kokoto chini nikijua maji yatashuka huko. Hayashuki hivyo. Udongo laini huyashikilia mpaka ulowe kabisa, ndipo yavuke kwenda kwenye kokoto. Nilichofanya ni kuusogeza unyevu juu, karibu zaidi na mizizi. Sasa natoboa tundu, na nusu ya mchanganyiko wangu ni mchanga wa chenga kubwa niliouchekecha. Mchanga laini usiutumie, unaziba nafasi zote za hewa.

Nyuma ya Pazia
Wangu ulikuwa mbali na dirisha, ukawa unarefuka. Wageni wakasifia, "umekua!" Kumbe unatafuta mwanga. Nikautoa nje saa sita mchana, siku hiyo hiyo. Ukaungua madoa ya kahawia ambayo hayajafutika hadi leo. Uzoesheni jua la asubuhi kwanza, kidogo kidogo.

Msafi Kupita Kiasi
Naona aibu kusema. Nilidhani ule unga mweupe juu ya majani ni vumbi, nikaufuta wote kwa kitambaa, jani kwa jani, jioni nzima. Ule ni nta ya mmea wenyewe, kinga yake ya jua, na jani lililofutwa haliupati tena. Alama za vidole vyangu bado zinasomeka.

Mnyaa
Kwenye mimea hii kuna jamii ya mnyaa, ile inayotoa maziwa ukiikata. Nilipunguza matawi, nikajifuta jasho kwa mkono ule ule. Jicho liliwaka! Nilisuuza kwa maji yanayotiririka muda mrefu, kisha hospitali. Vaeni glavu, na wenye watoto wadogo iwekeni juu.

Mleta mada
Nimesoma yote, nikarudi kufukua ule wa tatu kwenye taka. Shina limekwisha, lakini juu kuna majani 4 mazima. Nimeyalaza kwenye sinia. Mawili yametoka vizuri, moja limekatikia katikati, la mwisho kitako kimebaki kwenye shina. Yote yanaweza kuota?

Shubiri Moja
Hayo mawili tu. Jani la echeveria linachipukia pale lilipokuwa limeshikana na shina, na kitako kikibaki kwenye shina hakuna pa kuchipukia. Yaache yakauke kidonda siku 3 au 4, uyalaze juu ya udongo bila kuyafukia. Na Jumamosi hii, tafadhali, kikombe kikae kabatini.

Mleta mada
Nimekificha.