Tupeane uzoefu: Jumuiya zetu na jirani aliyetoka ng'ambo ya mpaka

Mzee wa Kanisa, Mbeya
Wapendwa, amani kwenu. Huku kwetu kati ya Tunduma na Kasumulu, ni nadra kukuta usharika au kigango kisicho na jirani Mzambia, Mmalawi au Mkongo. Tupeane mbinu tu za kumpokea na kumsaidia. Shuhuda tuziache kwa ibada.

Katibu Jumuiya, Tunduma
Anza na karatasi, kikapu cha chakula kitafuata. Watu wawili wa jumuiya wamsindikize mgeni kwa balozi, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, akiwa na pasi yake mkononi. Fungueni ukurasa wenye mhuri msome tarehe ya mwisho. Ikiwa imepita, nendeni naye Uhamiaji siku hiyohiyo. Kumhifadhi asiye na kibali ni kosa hata kama umemlaza kwa huruma. Aliyetoka kambi za Kigoma naye anatakiwa awe na kibali cha kutoka kambini.
Wengi wanaharibu kwa kumsimamisha kanisani Jumapili kabla hajafika kwa mwenyekiti. Jumatatu mwenyekiti anazisikia habari zake kilabuni. Akinuna, ana haki.

Mama Kikapu, Uyole
Acheni kuchangisha hela kwa bahasha, zinazua maneno. Kila nyumba itoe sado moja (kopo la lita nne) ya mahindi. Nyumba kumi ni debe mbili, kama kilo 36. Yakisagwa dona, familia ya watu watano inasukuma siku 18 hivi. Mkikoboa sembe, siku zinapungua. Ongezeni sado mbili za maharage, chumvi na mafuta lita moja.
Pokeeni mahindi mchana, kwenye mwanga, mtu achote chini ya kiroba na si juu tu. Kuna wanaosafishia ghala kwa jina la sadaka: punje zimetobolewa na dumuzi, nyingine zina ukungu. Zenye ukungu usizipeleke mashineni, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haifi kwa kupikwa.

Fundi Cherehani, Makete
Mgeni akifika Juni au Julai, blanketi ndilo la kwanza. Anayetoka joto la Karonga hajui baridi yetu, ataingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba dirisha kwa gunia. Hewa ya mkaa ni sumu, na haina harufu ya kukuamsha. Mwonyesheni kwa vitendo: jiko liwashwe nje mpaka mkaa uwe mwekundu, likiingia ndani mlango ubaki wazi, na kabla ya kulala litolewe nje. Hata mkaa ulioshika vizuri una hewa hiyo, kwa hiyo wasilale nalo.

Mhasibu wa Usharika, Makambako
Kumpa mgeni mtaji wa biashara ndipo makanisa yanapojikwaa. Tangu Julai 2025 kuna amri inayomzuia asiye raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni (isipokuwa hotelini au kwa utalii) na rejareja. Mtanzania anayemsaidia kuifanya naye anaadhibiwa, faini shilingi milioni 5 au jela miezi 3. Kwa hiyo "tumfungulie mama kasaluni" ni kumtafutia kesi, na wewe pamoja naye. Ajira nayo ina vibali vyake. Kabla hata shilingi haijatoka, mwenyekiti wa usharika akaulize Uhamiaji na kwa afisa biashara wa halmashauri.

Mwalimu wa Kwaya, Kyela
Kwa wa Karonga msihangaike na mkalimani, Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu. Mpeni bibi mmoja wa jumuiya awe mwenyeji wake, na huyo ndiye amsindikize kliniki na kadi za chanjo za watoto. Kadi ikiwa imeandikwa kwa lugha au mpangilio mwingine, ibebeni hivyohivyo, nesi atasoma tarehe na majina ya chanjo. Msiitupe na kuanza upya.

Katekista, Iringa
Kwa Wakatoliki, mkumbusheni aombe kwao cheti cha ubatizo mapema, maana akitaka kufunga ndoa, cheti hicho kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita. Cha zamani kilichokunjwa kwenye Biblia parokia haitakipokea. Serikali nayo inataka taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla. Wanaobeba maharusi mpaka mlangoni ndipo wakumbuke karatasi wanampa padri kazi ya kukataa, na lawama zote zinamwangukia yeye.

Mama Kikapu, Uyole
@Katekista hapo umenena. Na msiba? Huku kwetu asiye kwenye daftari la jumuiya hachangiwi. Andikeni jina lake wiki ileile anapofika, na namba ya ndugu mmoja wa kwao.